Nabii amesema ni mama yangu mkubwa. Mbona Mungu mwenyewe yuko kimya?

Tumsifu Yesu Kristo, Mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi hapa Bagamoyo, nina mume, sina mtoto. Kazi yangu ni samaki wa kukaanga. Saa kumi na moja alfajiri nipo pwani nasubiri mashua ziingie, nagombea ndoo yangu mnadani, narudi nyumbani naparua, nawasha moto, na jioni nakaa mezani kwangu kando ya barabara mpaka samaki waishe au watu waishe. Mume wangu ni seremala. Ni mtu mpole, hajawahi kunisema kwa jambo hili ninalotaka kukueleza, na pengine upole wake ndio unaoniumiza zaidi.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama. Yeye aliolewa na Mwislamu zamani sana, akasilimu, na mpaka leo ni mtu wa swala tano. Lakini mimi hakunibadilisha dini. Alisema mama yangu aliniacha Mkatoliki, basi atanikabidhi Mkatoliki. Kila Jumamosi usiku alinisuka, Jumapili akaniamsha, akanipa sarafu ya sadaka, akanisindikiza mpaka mwanzo wa ile barabara ya miembe inayokwenda misheni, kisha yeye akarudi kupika.

Nimepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miezi miwili na nusu. Ya pili ilitoka mwaka jana wakati wa kusi, nayo ilikuwa imefika miezi minne, nilikwisha kuanza kuisemesha. Hospitali walinipa tarehe ya kurudi kwa vipimo. Sikurudi. Nilikuwa sitaki kumwona mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Rafiki yangu akanipeleka Dar kwa nabii mmoja. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wengi, akanitoa mbele. Akasema, "Kuna mwanamke mzee wa karibu yako sana. Anayo nguo ndani ya sanduku. Kwa nguo hiyo amelifunga tumbo lako." Mama, nilianguka pale pale, kwa sababu mama mkubwa anayo kweli khanga ya marehemu mama yangu, ameitunza sandukuni miaka yote. Nabii angejuaje?

Nikanunua maji ya upako na mafuta ya upako. Nikaambiwa nipande mbegu ya ukombozi, shilingi 300,000. Sikuwa nayo, nikachukua mkopo wa kausha damu, mume wangu hajui. Nikaambiwa nisimsalimie mama mkubwa, nisile chakula chake, nisirudi hospitali mpaka ukombozi utimie, na kila mwezi nifunge kavu siku tatu, ndipo nitaanza kumsikia Mungu mwenyewe akiniongoza kutoka ndani. Huu ni mwezi wa saba. Mwezi uliopita nilianguka mnadani kwa kizunguzungu, wanawake wenzangu wakanimwagia maji. Mama mkubwa alisikia, akatuma mtoto na bakuli la uji. Nilimwaga.

Simsikii Mungu. Wenzangu wanasema "Mungu amesema nami", mimi ninachosikia ni kelele za madeni tu. Usiku nikiwa peke yangu huchukua Biblia ya mama yangu, nafumba macho, naifungua, naweka kidole. Mara ya kwanza kiliangukia majina ya watu kwenye Mambo ya Nyakati. Wiki iliyopita kiliangukia 1 Wafalme 19, pale Eliya anapoomba afe. Niliifunga haraka. Je, Mungu ananiambia nitakufa? Nilipomgusia dada mmoja pale sokoni, akanijibu, "Neema yangu yakutosha." Nilinyamaza, lakini moyoni nilisema hainitoshi, na sasa naogopa kwamba nimekufuru.

Nifanyeje niisikie sauti ya Mungu? Na hiyo neema, na mimi ninayo sehemu?

Aliyechoka, Bagamoyo

*

Milele na milele, amina, mwanangu.

Kama siku unayosoma haya umefunga, fungua sasa. Kunywa maji, kula ulichonacho, ndipo urudi tuendelee. Sikwambii hivi kwa kukuhurumia tu, ingawa nakuhurumia. Nakwambia kwa sababu sura ile uliyoifunga kwa hofu ndivyo inavyoanza. Ungeendelea mistari miwili tu mbele ungekuta mkate.

Hebu tuisome pamoja, tena taratibu, maana uliiacha mahali pabaya mno pa kuachia.

Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa. Sura iliyotangulia yuko Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni mbele ya watu wote. Kisha malkia Yezebeli anampelekea ujumbe kwamba atamuua. Anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja akiwa peke yake, anaketi chini ya mti wa mretemu, na anasema: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Kisha analala.

Kidole chako kiliangukia hapo. Lakini hilo ni ombi la mtu, wala si tangazo la Mungu. Mungu hakulijibu kwa kumuua. Hakumkemea, hakumwambia amekufuru, hakumwambia aongeze siku za kufunga. Alituma malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Na malaika hakukasirika kwamba amelala tena! Akamgusa mara ya pili, akamwambia ale, kwa maana safari iliyo mbele yake ni kubwa mno kwake.

Mwanangu, nimeisoma sura hii tangu ujana wangu na bado sijaizoea. Mtu anayetaka kufa anapewa chakula na usingizi, mara mbili, kabla hajaulizwa neno lolote. Ile sauti unayoitafuta haijasemwa bado. Imetanguliwa na mkate. Na wewe uliletewa uji.

Sikulaumu kwa kuumwaga. Uliambiwa ni sumu ukaamini, na mtu aliyechoka huamini upesi. Lakini nataka ulione lile bakuli lilivyokuwa. Ulianguka mbele ya watu, na wa kwanza kuinuka na kuwasha moto kwa ajili yako alikuwa yule yule ambaye miezi saba humsalimii. Mimi miaka mingi iliyopita nilizika mtoto wa siku nne. Watu walikuja na maneno mengi, na mengi yalitoka kwenye Biblia. Siyakumbuki. Namkumbuka jirani mmoja aliyeingia bila kubisha hodi, akaniwekea sufuria ya uji wa mchele, akaketi mkekani mpaka nilipoumaliza, akaondoka na sufuria yake. Hakusema kitu. Baadaye sana nilipofika kwenye mistari hii nikajua yule alikuwa nani kwangu.

Basi Eliya anatembea siku arobaini mchana na usiku, anafika Horebu, analala pangoni. Hapo ndipo Mungu anapoanza kusema naye, na neno lake la kwanza ni swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Hapo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo penye jibu la kile ulichoniuliza. Eliya alikuwa na adui wa kweli. Si wa kuotea, si wa kutabiriwa. Yezebeli alikuwa amemtumia ujumbe wenye jina lake na tishio lake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuambiwa na Mungu "adui yako ni fulani," ni Eliya. Lakini soma sura yote mpaka mwisho: pale Horebu jina la Yezebeli halitajwi hata mara moja. Sura ile ina panga na wafalme wa kupakwa mafuta, siwezi kukuficha hilo, si sura laini. Ila sauti ya Mungu ilipomfikia mtu wake aliyechoka, haikuanza na adui yake. Ilianza na yeye mwenyewe. Unafanya nini hapa?

Sasa linganisha na ulichoambiwa wewe mbele ya umati. Hukuulizwa kitu. Hukupewa maji bila kulipia. Ulionyeshwa mtu wa kumchukia, tena mtu aliyekulea, kisha ukaonyeshwa mahali pa kuweka pesa. Mtume Yohana ametuandikia, "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho," kwa hiyo kujaribu si dhambi, umeamriwa. Mimi nimeijaribu hiyo uliyoniandikia kwa kipimo cha Horebu, na sioni inafanana wapi.

Unauliza angejuaje habari za khanga. Mwanangu, nitajie bibi mmoja tu wa pwani hii, kuanzia Tanga mpaka Kilwa, asiye na nguo ya marehemu ndani ya sanduku. Mimi ninazo tatu. Angemwambia maneno yale mwanamke yeyote aliyekuwa amekaa kulia kwako au kushoto kwako, naye angeanguka vile vile. Mama mkubwa hakukuficha ile khanga, ndiyo maana ukaijua. Aliitunza kwa sababu ilikuwa ya mdogo wake.

Sisemi Mungu hawezi kuwa kwenye mkutano wa watu wengi wenye spika na vilio. Karmeli alikuja kwa moto, mchana kweupe, watu wakaona. Lakini Horebu ukapita upepo wa nguvu uliopasua milima, na Bwana hakuwamo. Likaja tetemeko, hakuwamo. Ukaja moto, ule ule wa Karmeli ambao Eliya aliuzoea, hakuwamo. "Na baada ya moto sauti ndogo, ya utulivu." Wanaoijua lugha ya Kiebrania wanasema maneno yale ni magumu kuyafasiri, ndani yake mna ukimya na mna wembamba, kama kusema sauti ya ukimya mwembamba. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba husikii kitu, sikimbilii kusema Mungu hayupo kwako. Inawezekana unasubiri kelele kutoka kwa asiyepiga kelele. Na inawezekana pia, nakwambia wazi, kwamba mwili uliofungwa kavu siku tatu huku unakaa mbele ya karai la mafuta ya moto hauna nguvu ya kusikia chochote isipokuwa njaa.

Halafu kuna jambo ambalo lilinifariji sana siku nilipoligundua. Eliya alipoulizwa mara ya kwanza, alilalamika: manabii wameuawa, nimebaki peke yangu, nao wananitafuta. Ukapita upepo, tetemeko, moto, ikaja ile sauti, akajifunika uso kwa vazi lake kwa heshima, akatoka akasimama mlangoni pa pango. Akaulizwa swali lile lile. Naye akajibu maneno yale yale! Hakubadilisha neno. Amekutana na Mungu na bado analalamika vile vile, wala Mungu hakumfukuza. Kwa hiyo usidhani siku utakapoisikia sauti utatoka umeng'aa na umenyooka. Unaweza kuisikia na bado ukaamka kesho na mzigo ule ule kifuani.

Kilichobadilika kwa Eliya ni kwamba alipewa njia ya kurudi na watu wa kurudia. Aliambiwa aende zake, amtafute Elisha atakayekuja kushika nafasi yake, na akaambiwa kwamba wako watu elfu saba ambao hawakumsujudia Baali. Yeye alikuwa akihesabu mmoja. Mungu alikuwa na elfu saba. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaenda peke yake, na sauti ikamrudisha kwa wenziwe. Ukitaka alama ya kuitambua ndani yako, nakupa hiyo, maana ndiyo ninayoitumia mimi: wazo linalonirudisha kwa watu, hata kama linanigharimu aibu, nalisikiliza. Wazo linalonitenga na wanaonipenda nalisimamisha mlangoni nalihoji kwanza.

Sasa lile neno la dada wa sokoni. Alikosea wakati, sidhani kama alikosea nia. Neno lenyewe liko 2 Wakorintho 12. Paulo ana mwiba mwilini, hatuambiwi ni nini, na anasema alimsihi Bwana mara tatu umtoke. Alisihi. Ukisema "hainitoshi" umesimama palepale alipokuwa Paulo anaomba mara ya pili na ya tatu. Hujakufuru. Yeye alijibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu."

Chukua Biblia ya mama yako, kama ni Union Version, uweke mistari hii miwili pamoja. Eliya chini ya mti anasema, "Yatosha." Paulo anaambiwa, "Yakutosha." Ni kitenzi kimoja. Eliya anamaanisha nimeshiba mateso, siwezi tena. Mungu analichukua neno lile lile la mtu aliyefika mwisho na kumrudishia likiwa na maana nyingine: ulipofika mwisho wako mimi ninacho cha kukutosha. Sijui kama waliofasiri walikusudia iwe hivyo. Lakini mimi Mswahili ninayesoma kwa Kiswahili naliona, na siku nyingi nikichoka ninasali kwa maneno hayo mawili tu. Nasema yatosha, kisha nakaa kimya, kisha najisomea yakutosha. Huwa hakuna kingine kinachotokea, na mara nyingi hicho kimekuwa kingi.

Ila sitaki ulichukue hilo kama kufungwa mdomo. Neema haikumzuia malaika kuoka mkate. Kwa hiyo nakwenda kwenye mambo ya mkate.

Rudi hospitali, na safari hii uende na mume wako. Madaktari wanakadiria kwamba katika mimba 100 zilizokwisha kujulikana, 10 hadi 15 huharibika. Nyingi za miezi ya mwanzo hutokana na hitilafu ya kromosomu iliyotokea tangu mtoto anapoanza kuumbika, bila kosa la mama wala la mtu mwingine. Ile ya miezi minne ina sababu nyingine ambazo hutafutwa kwa vipimo: malaria, kaswende, sukari, presha, umbo la mfuko wa uzazi, mlango wa kizazi unaofunguka kabla ya wakati. Baadhi yake hutibika vizuri, lakini ni mpaka zijulikane. Mtu aliyekuzuia kurudi kwa vipimo amekuchelewesha miezi saba, na hilo linanikasirisha, siwezi kulisema kwa upole zaidi. Waambie pia kuhusu kizunguzungu na kufunga kavu, wakupime damu.

Deni mwambie mume wako. Najua ndilo unaloliogopa kuliko yote. Lakini kausha damu hukua usiku na mchana, na siri ikikaa kando ya deni vyote viwili vinakua. Yeye ni mpole, umesema mwenyewe. Kaeni chini muone mnalipaje kilichobaki, na usitoe tena shilingi kwa jina la mbegu. Na usiku huo huo mwambie jambo la pili. Kama lile ombi la Eliya la kutaka roho iondolewe limewahi kukupitia na wewe, mwambie, na hospitali uwaambie pia. Neno hilo lisibaki kwako peke yako chini ya mti.

Kuhusu "mbegu ya ukombozi" nina jambo la kukwambia wewe kama mtu wa Bagamoyo. Umepita barabara ya miembe tangu utoto, unaujua mnara wa kanisa la kwanza, unayajua makaburi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia huko kutoka Zanzibar mwaka 1868, na walioishi nao katika kijiji cha misheni walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Maisha yao mapya nayo hayakuwa mepesi, yalikuwa ya kengele na jembe. Lakini katika mji wetu huo, neno kukombolewa lilikuwa na maana moja ambayo kila mtu aliielewa: pesa ilitolewa, na aliyekombolewa si yeye aliyeitoa. Angeitoa wapi? Alikuwa na minyororo. Mtu akikutaka ulipie ukombozi wako mwenyewe kwa mkopo, amelichukua neno hilo akaligeuza nje ndani. Neema ni jina la deni lililolipwa na mwingine. Kwa hiyo swali lako kama unayo sehemu, jibu langu ni ndiyo, na ulikuwa nayo kabla hujapanda daladala kwenda Dar.

Na wale watoto walilelewa na nani? Na wasiowazaa. Wewe unayajua hayo kuliko mimi.

Sasa kusali. Acha kufumba macho na kuweka kidole. Biblia si bao la kupigia ramli, na umeona mwenyewe inavyokuchanganya: leo majina, kesho kifo. Chukua sura hii moja, 1 Wafalme 19, ukae nayo mwezi mzima. Usiitafutie ujumbe wa siri. Isome kwa sauti, polepole, kama unavyomsomea mtu asiyejua kusoma. Watawa wa zamani walikuwa wakisoma hivyo, fungu dogo, wanalitafuna, wanaliombea, kisha wananyamaza, na kwenye jumuiya ndogo ndogo zetu bado tunafanya karibu hivyo tunaposhirikishana Injili. Nafasi usiitafute mbali. Wakati unasubiri mashua alfajiri, kabla mnada haujaanza, una robo saa ya giza na bahari. Neno likikugusa, hata kama ni "mkate" tu au "akalala tena," baki nalo siku hiyo hata ukiwa unaparua samaki. Lisipokugusa, umesoma, inatosha, kanunue samaki. Sali kwa maneno yako, hata ya malalamiko. Umeona kwamba nabii Eliya mwenyewe alilalamika mara mbili.

Na uingie tena kwenye jumuiya yako. Sijakusikia ukiitaja, nikahisi umeiacha. Kama unamwamini paroko, mweleze yote, pamoja na la kumwaga uji kama linakusumbua dhamiri.

Lililobaki ni mama mkubwa.

Utatamani kumweleza kila kitu kwa wakati mmoja, ulie, uombe msamaha, umsimulie nabii alisemaje. Mimi ningekushauri ule unabii usiupeleke nyumbani kwake siku ya kwanza. Mama mtu mzima aliyekusuka kila Jumamosi ili uende kanisani kwako, hakuna sababu ya kumwonyesha mara moja ulivyowahi kumfikiria. Utakuja wakati mtakapoweza kulizungumza, labda yeye ndiye atakayeuliza. Siku ya kwanza mpe shikamoo tu. Miezi saba hajaisikia kutoka kwako. Mwombe radhi kwa kimya chako na kwa uji wake, na usijitetee.

Nenda siku ambayo umepata samaki wazuri, changu wawili watatu, usiwakaange, wapeleke wabichi umpikie jikoni kwake. Kaeni mle pamoja. Ukiona amekunjua uso, mwombe afungue sanduku akuonyeshe khanga ya mama yako. Ishike. Soma jina la khanga hiyo kwa sauti, na ukiweza uniandikie limeandikwaje.

Mama wa safu